Dola 21 za Bob Jones: kodi, shule na kuamka kwa walokole wa Marekani kisiasa

Kesi yenyewe ilikuwa ya dola 21. Chuo Kikuu cha Bob Jones, kilichopo Greenville katika jimbo la South Carolina, kililipa kiasi hicho kama kodi ya bima ya ukosefu wa ajira kwa mfanyakazi mmoja, kwa mwaka 1975, kisha kikadai kirudishiwe. Mamlaka ya mapato ya Marekani, IRS, ikakataa. Chuo kikaenda mahakamani, na serikali nayo ikaingiza madai yake ndani ya kesi hiyohiyo: dola 489,675 na senti 59, pamoja na riba, kodi ya miaka mitano ambayo haikuwahi kulipwa.

Hizo dola 21 zilikuwa ufunguo tu. Chuo kilikwisha kujaribu kuishtaki IRS kabla ya kulipa chochote, na mwaka 1974 Mahakama ya Juu ikakijibu kwamba mlipakodi hawezi kwenda kortini kuzuia asitozwe; alipe kwanza, ndipo adai. Basi wakalipa kidogo kadiri walivyoweza, wakadai.

Nimeichagua kesi hii kwa sababu ya jibu moja ambalo hutolewa haraka mno. Ukiuliza nini kiliwaingiza Wakristo wahafidhina wa Marekani kwenye siasa, utaambiwa ni utoaji mimba: Mahakama ya Juu iliuhalalisha Januari 1973 katika kesi ya Roe dhidi ya Wade, waumini wakachukizwa, wakajipanga, wakamweka Ronald Reagan madarakani. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, ila mpangilio wa tarehe unalikataa. Kwa maoni yangu, walokole wa Kusini (natumia neno letu hili kwa wepesi, maana kwao yapo makundi mengi) waliamshwa na mkono wa serikali ulipogonga mlango wa shule zao. Na mkono huo uliletwa na suala la rangi.

Chuo chenyewe kilianzishwa Florida mwaka 1927 na mhubiri Bob Jones, kikahamia Tennessee, na mwaka 1947 kikatua Greenville. Mwana alirithi kwa baba, mjukuu kwa mwana. Si chuo cha dhehebu lolote. Hata Billy Graham, aliyepita hapo kwa muda mfupi akiwa kijana, baadaye walimwona amelegea mno kwa kushirikiana na madhehebu wasiyoyakubali. Mwalimu lazima awe Mkristo aliyejitoa, kila somo linafundishwa kwa msingi wa Biblia, na mwenendo wa mwanafunzi unasimamiwa ndani na nje ya darasa. Wakati wa kesi kilikuwa na wanafunzi kama 5,000, kuanzia chekechea hadi shahada za juu.

Mpaka mwaka 1971 hakikupokea mwanafunzi mweusi hata mmoja. Kuanzia hapo kikaanza kuwapokea weusi walio kwenye ndoa, wenzi wao wakiwa weusi wenzao. Mei 1975, baada ya mahakama ya rufaa ya eneo lao kuamua katika kesi nyingine kwamba shule binafsi haziruhusiwi kuwafungia mlango weusi, ndipo kikawakubali wasio na ndoa, na papo hapo kikaweka sharti jipya. Mwanafunzi atakayekuwa na mpenzi wa rangi nyingine atafukuzwa. Aliyeoa au kuolewa na mtu wa rangi nyingine atafukuzwa. Mwanachama wa kikundi chochote kinachotetea ndoa za namna hiyo atafukuzwa. Hata anayewashawishi wenzake wavunje masharti haya, naye atafukuzwa. Hii ilikuwa miaka minane baada ya Mahakama ya Juu kufuta sheria zote za majimbo zilizokataza ndoa za watu wa rangi tofauti.

Mahakama haikuwahi kusema kwamba viongozi wa chuo walikuwa wanafiki. Ilikubali kwamba waliamini kwa dhati kuwa Biblia inakataza mchanganyiko huo. Ningewashauri wasomaji wasiruke jambo hili, kwa sababu kesi nzima ingekuwa nyepesi kama imani ile ingekuwa kisingizio tu.

Turudi nyuma kidogo, hadi Mississippi. Baada ya mahakama kulazimisha shule za umma zichanganye watoto, wazazi wa kizungu walianza kufungua shule zao binafsi. Katika wilaya ya Holmes, mwaka wa kwanza wa mchanganyiko, wanafunzi wazungu katika shule za umma walishuka kutoka 771 hadi 28. Mwaka uliofuata hakubaki hata mmoja. Wazazi weusi wa hapo wakafungua kesi wakiuliza swali la msingi: kwa nini serikali inazisaidia shule hizi kwa msamaha wa kodi?

Huku kwetu tukisikia msamaha wa kodi wa taasisi za dini, tunafikiria magari na makontena yanayopita bandarini. Kwa Wamarekani utamu uko pengine. Taasisi yenye msamaha hailipi kodi ya mapato, sawa. Lakini pia mtu anayeichangia anaruhusiwa kuukata mchango wake kwenye kipato chake kinachotozwa kodi. Anayetoa dola 1,000 anapunguziwa kodi kwa sababu ametoa. Kwa hiyo sehemu ya kila mchango, kwa njia ya mzunguko, inatoka kwenye mfuko wa umma, ambao mzazi mweusi wa Holmes naye anauchangia. Kuwaondolea shule hizi msamaha si kuzifunga, ila ni kuwaambia wafadhili wake watoe kwa hasara yao wenyewe.

Wazazi wale walishinda. Julai 1970, hata kabla ya hukumu ya mwisho, IRS ilitangaza kwamba haitatoa tena msamaha kwa shule binafsi zenye ubaguzi wa rangi. Novemba mwaka huo ilipeleka barua kwa shule nyingi, Bob Jones ikiwemo. Baada ya miaka ya vuta nikuvute, Januari 1976 ikakifutia chuo msamaha, na kuhesabu kuanzia Desemba 1970.

Ziangalie tarehe hizo tena. Rais wakati sera inaanza alikuwa Richard Nixon. Wakati chuo kinafutiwa alikuwa Gerald Ford. Wote wa Republican. Aliyekuja kubebeshwa lawama ni Jimmy Carter, Mbaptisti wa Georgia, mwalimu wa shule ya Jumapili, mtu aliyejitangaza hadharani kwamba ameokoka, ambaye aliapishwa Januari 1977.

Carter hakuwa bila mchango wake, ingawa. Agosti 1978 kamishna wake wa IRS, Jerome Kurtz, alitoa pendekezo la kanuni mpya. Shule binafsi zilizoanzishwa au kupanuka wakati wa kuchanganya watoto zilitakiwa zithibitishe kwamba hazibagui, na kipimo kimojawapo kilikuwa cha hesabu: asilimia ya watoto wa jamii za wachache shuleni ifikie angalau moja ya tano ya asilimia yao katika eneo. Mahali ambapo nusu ya watoto ni weusi, shule ionyeshe kama asilimia 10. Isiyofika ingebeba mzigo wa kujieleza.

Hapo ndipo moto ulipowaka. IRS ilipokea barua zaidi ya 100,000 za kupinga. Vikao vya kusikiliza maoni mwezi Desemba vilijaa. Bunge likaingilia mwaka 1979 na kuzuia fedha za kutekeleza kanuni ile. Aliyekuwa mstari wa mbele ni Robert Billings, mhitimu wa Bob Jones, aliyezunguka nchi nzima akisaidia makanisa kufungua shule. Alikuja kusema kwamba Kurtz amewaunganisha Wakristo kuliko mtu yeyote tangu Mtume Paulo. Billings huyohuyo akawa mtendaji mkuu wa kwanza wa Moral Majority, jumuiya ya Jerry Falwell iliyoundwa mwaka 1979, kisha akahamia kwenye kampeni ya Reagan.

Falwell mwenyewe, mchungaji wa Lynchburg, Virginia, alikuwa amehubiri mwaka 1965 kwamba kazi ya mhubiri ni kuokoa roho, si kuandamana barabarani. Aliwalenga wachungaji weusi waliokuwa wakiandamana na Martin Luther King. Miaka miwili baadaye alifungua shule ya Kikristo mjini kwake. IRS ilipoanza kuchunguza shule za namna hiyo, alilalamika kwamba katika baadhi ya majimbo ni rahisi kufungua nyumba ya masaji kuliko shule ya Kikristo.

Shahidi mkubwa wa maelezo haya anatoka ndani. Paul Weyrich, mwanamikakati Mkatoliki aliyeshiriki kuanzisha Moral Majority, alieleza zaidi ya mara moja kwamba kwa miaka mingi alijaribu kuwavuta walokole kwa ponografia, kwa sala shuleni, kwa marekebisho ya katiba kuhusu usawa wa wanawake, kwa utoaji mimba, na hakuna kilichoshika. Kilichoshika ni serikali kuziingilia shule za Kikristo.

Na utoaji mimba? Mwaka 1971 mkutano mkuu wa Wabaptisti wa Kusini, dhehebu kubwa kuliko yote ya Kiprotestanti Marekani, ulipitisha azimio la kuwahimiza waumini waunge mkono sheria zitakazouruhusu katika hali kama ubakaji, mimba kati ya maharimu, ulemavu mkubwa wa kijusi, na hatari kwa afya ya mama, ya mwili na ya akili pia. Wakati huo wengi waliliona suala hilo kuwa la Wakatoliki.

Hata hivyo sikubaliani na wanaotaka kuufuta utoaji mimba kabisa kwenye simulizi. Mwaka 1978, kule Iowa, seneta Dick Clark aliangushwa baada ya wapinga utoaji mimba kusambaza vipeperushi kwenye magari yaliyoegeshwa makanisani Jumapili ya mwisho kabla ya kura. Wapangaji mikakati waliona. Wazazi wengi waliopeleka watoto shule za Kikristo walichukizwa pia na hukumu za 1962 na 1963 zilizoondoa sala na usomaji wa Biblia katika shule za umma. Kumpachika kila mmoja wao nia ya ubaguzi ni uvivu. Ila ugomvi wa shule ndio uliowapa majina, anwani, mikutano na adui. Utoaji mimba ulipopanda jukwaani, jukwaa lilikuwa tayari limejengwa, na ulikuwa bendera inayobebeka hadharani kuliko kanuni za nani asipendane na nani.

Reagan alilisoma hilo vizuri. Januari 30, 1980, akitafuta uteuzi wa chama, alisimama mbele ya wanafunzi wa Bob Jones. Agosti, mbele ya maelfu ya wachungaji na waumini mjini Dallas, aliwaambia kwamba anajua wao hawawezi kumuunga mkono rasmi, lakini yeye anawaunga mkono wao. Na ilani ya Republican mwaka huo iliahidi kukomesha kile ilichokiita kisasi cha kamishna wa IRS wa Carter dhidi ya shule huru.

Kichekesho ni kwamba wenye Bob Jones hawakumpenda Falwell. Kwao, mhubiri anayeketi meza moja na Wakatoliki na Wayahudi kwa ajili ya siasa amekwisha kupotea. Mapambano yaliyopiganwa kwa jina lao yaliongozwa na watu ambao wao wenyewe wasingewakaribisha mimbarini.

Ahadi ilifika wakati wa kulipwa. Mahakama ya rufaa ilikuwa imeamua dhidi ya chuo mwaka 1980, na kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu pamoja na ya shule za Kikristo za Goldsboro, North Carolina. Trent Lott, mbunge wa Mississippi, aliiandikia serikali akiitaka ibadili msimamo. Muhtasari wa barua hiyo ulifika mezani kwa Reagan, naye akaandika pembeni kwa mkono wake maneno machache yenye maana kwamba anaona tufanye hivyo.

Ijumaa ya Januari 8, 1982, serikali ikatangaza kwamba inaachana na kesi na itazipa taasisi hizo mbili msamaha, kwa hoja kwamba IRS haikuwa na mamlaka ya kisheria kuunyima. Siku hiyohiyo ilitangaza pia makubaliano ya kuivunjavunja kampuni kubwa ya simu ya AT&T. Kama kulikuwa na matumaini kwamba habari moja itaifunika nyingine, haikufunika. Kelele zilitoka kila upande, hata ndani ya chama. Wafanyakazi wa kitengo cha haki za kiraia katika Wizara ya Sheria waliandika barua ya kupinga. Siku nne baadaye Reagan akageuka: akasema hakukusudia kutetea ubaguzi, alitaka tu Bunge ndilo liamue na si maofisa wa kodi, akaahidi muswada. Wabunge wengi wakamjibu kwamba sheria iliyopo inatosha. Mwezi uliofuata mahakama ya rufaa ya Washington ikaizuia serikali isitoe msamaha huo.

Kuna jambo dogo katika mkasa huu ambalo mimi hulipenda kuliko yote. Wakili mkuu wa serikali alikuwa amejiondoa kwenye kesi, kazi ikamwangukia aliyekaimu, Lawrence Wallace, mtumishi wa muda mrefu. Alitakiwa kuandika hoja asizoziamini. Aliziandika, kisha akaweka tanbihi: waraka huu unatoa msimamo wa Marekani kwa maswali yote mawili, ila mimi binafsi nakubaliana na jibu la swali la kwanza tu. Maneno machache, bila makeke.

Sasa Mahakama ikabaki na kesi isiyo na mbishani, kwa kuwa serikali na chuo walikuwa upande mmoja. Ikamteua William Coleman atetee hukumu ya chini. Coleman, mwanasheria mweusi, Republican, alikuwa waziri wa uchukuzi wa Ford. Mwaka 1948 alikuwa mtu mweusi wa kwanza kufanya kazi ya ukarani wa kisheria kwa jaji wa mahakama hiyohiyo, na alishiriki kuandaa kesi ya 1954 iliyovunja ubaguzi shuleni. Uchaguzi huo ulikuwa na ujumbe wake.

Hukumu ilitoka Mei 24, 1983, majaji 8 dhidi ya 1. Iliandikwa na Jaji Mkuu Warren Burger, mteule wa Nixon. Alisema msamaha wa kodi umetokana na dhana ya kale ya taasisi ya hisani, na taasisi haiwezi kuitwa ya hisani huku ikienda kinyume na sera ya msingi ya umma. Kuhusu dini, alikubali kwamba chuo kitaumia, lakini akasema haja ya nchi kung'oa ubaguzi wa rangi katika elimu ni nzito kuliko maumivu hayo. Kisha akaweka mpaka: hapa tunazungumzia shule za kidini, si makanisa. Tofauti hiyo ilikuwa zawadi kwa wachungaji, ingawa wachache waliishukuru. Aliyepinga peke yake, William Rehnquist, hakutetea kanuni za chuo. Alisema tu kwamba Bunge halijaandika sharti hilo kwenye sheria. Miaka mitatu baadaye Reagan alimteua kuwa Jaji Mkuu.

Ukiitazama kwa macho ya mwanasiasa, hapa harakati ilionyesha nguvu zake na kikomo chake kwa pamoja. Iliweza kumfikisha rais mahali pa kubadilisha msimamo wa dola katika kesi iliyokwisha kufika Mahakama ya Juu. Haikuweza kumlinda alipofanya hivyo, kwa sababu jambo lililokuwa mezani lilikuwa bado linaitwa kwa jina lake, ubaguzi. Kuanzia hapo sauti iliyosikika zaidi ilikuwa ya uhuru wa dini, na kwa jina hilo wamepata washirika ambao kamwe wasingesimama na Bob Jones.

Chuo chenyewe hakikufunga. Kililipa kodi, kikaendelea na masharti yake kwa miaka 17. Februari 2, 2000, siku moja baada ya kushindwa na John McCain katika kura ya mchujo ya chama kule New Hampshire, George W. Bush alikwenda kuhutubia hapo, kama wagombea wengine wa Republican walivyozoea. Safari hii waandishi wakauliza kuhusu sharti la wapenzi wa rangi mbili, na kuhusu mafundisho ya chuo dhidi ya Wakatoliki. Bush alishinda South Carolina, lakini alilazimika kumwandikia Kadinali John O'Connor wa New York barua ya majuto. Machi 3, Bob Jones wa tatu, mjukuu wa mwanzilishi, alitangaza kwenye televisheni, katika kipindi cha Larry King, kwamba sharti limefutwa. Kile ambacho IRS, mahakama na karibu nusu milioni ya dola havikukiondoa, kiliondolewa na mwezi mmoja wa aibu ya uchaguzi. Mwaka 2008 chuo kikaomba radhi rasmi kwa sera zake za rangi.

Aprili 28, 2015, Mahakama ya Juu ilipokuwa ikisikiliza hoja kuhusu ndoa za jinsia moja, Jaji Samuel Alito aliikumbusha kesi ya Bob Jones. Akamuuliza wakili wa serikali, Donald Verrilli, kama chuo kinachopinga ndoa hizo nacho kitanyang'anywa msamaha. Verrilli hakukwepa: alikubali kwamba litakuwa suala. Jibu hilo lilizunguka makanisani kwa kasi, na wakuu wa vyuo na shule nyingi za Kikristo wakaliandikia Bunge wakiomba kinga. Waliohitimu wakati barua za 1978 zinaandikwa sasa walikuwa wanakaribia kustaafu, na hofu ilikuwa ileile: mtu wa kodi.

Bob Jones hakikungoja Bunge. Kilijipanga upya kimuundo, na Machi 2017 kikarudishiwa msamaha, miaka 41 baada ya kufutiwa. Mwezi mmoja kabla, Donald Trump alikuwa amewaahidi viongozi wa dini kwenye hafla ya maombi mjini Washington kwamba ataiangamiza kabisa sheria ya kodi ya 1954, inayokataza makanisa na taasisi za hisani kumpigia debe mgombea.